Kikombe cha Tatu

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Mafua yameondoka na pua yangu. Nimenusa kitunguu, sabuni, soksi: vyote sawa na maji. Na kesho naongoza meza ya kuonja mafuta mapya ya zeituni, yakiwemo ya mdogo wangu. Tukiyakataa, msimu wake mzima unakwenda kiwandani kuwa sabuni. Ningepaswa kuomba udhuru. Lakini miaka ishirini sijakosa! Nitaketi mbele ya muuguzi mstaafu tunayemwita Mama Pua. Yeye huonja kwa uso mzima.

Jumanne, tarehe 5

Mpango umefaulu. Vikombe ni vya buluu, rangi ya mafuta isitudanganye. Mimi nilitazama uso wa Mama Pua tu. Kikombe cha kwanza, alitulia. Nikaandika harufu ya nyasi mbichi. Cha pili, vilevile. Cha tatu, alikunja uso, chozi likamtoka. Nikatangaza: uvundo. Nikaeleza kwamba zeituni zilirundikwa maguniani, zikapata joto, bakteria wakazichachusha. Wenzangu, kwa heshima ya mvi zangu, wakaandika uvundo. Mama Pua alitoka mapema, ameshika shavu. Sikumwuliza.

Jumatano, tarehe 6

Kikombe cha tatu kilikuwa cha mdogo wangu. Alikuja, hakuketi. Aliuliza ni magunia gani hayo, ilhali alikamua siku ileile ya kuchuma, na taa nilimshikia mimi. Nilimjibu kwamba bakteria hawaonekani kwa macho. "Hata haya haionekani kwako, kaka," alisema, akaondoka bila kuaga.



Alhamisi, tarehe 7

Mtaalamu wa maabara aliniita. Asidi ya mafuta yale iko chini kabisa. Maana yake zeituni zilisagwa zikiwa nzima, bila kuchacha. "Sasa mzee, hao bakteria uliwaona wapi?"

Akaingia Mama Pua, shavu limevimba. Jana aling'olewa jino. Alisema kikombe cha tatu ndicho kilichokuwa bora. Ukali wake, kama wa pilipili, ambao ni dalili ya mafuta mapya mazuri, uligusa jino bovu. Aliandika hivyo, lakini nani husoma karatasi yake nikishatangaza?

Nilitamani ardhi ipasuke. Ilikuwa nafasi ya kusema kweli. Nilisema kikombe hakikuoshwa vizuri.

Mwoshaji wa vikombe alikuwa mlangoni. Aliinamisha kichwa.

Jumamosi, tarehe 9

Tutaonja upya Jumatatu. Nimemwomba mdogo wangu radhi kwa kila jambo, isipokuwa pua. Alinishika mkono, akasema ananiamini. Afadhali angenitukana.

Kitunguu bado ni maji.

Mama Pua amepewa mapumziko. Mahali pake ataketi fundi saa, mtu mwenye uso mwepesi zaidi kusomeka. Safari hii sibahatishi: nimemwendea nyumbani, nikamwuliza kuhusu meno yake. Yote thelathini na mawili ni mazima.