Malalamiko Kuhusu Binti Anayekataa Kutazama Maswali

Mutahi wa Gicheru, Fundi wa Nguo,
Karibu na Posho Mill, Naro Moru.
17 Julai 1996

Kwa Bwana Afisa,
Ofisi ya Mitihani ya Tarafa.

Bwana Afisa mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUONA KWA SIKU TATU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani kwako. Huku baridi ya Julai imetushika mpaka cherehani inakohoa, lakini hilo si kosa la ofisi yako, kwa hivyo sitalihesabu.

Naandika kumshtaki binti yangu Warigia, wa darasa la nane. Ana miaka kumi na minne, anaimba kwaya, na hesabu za kichwa ananishinda mimi ninayepima watu viuno kila siku. Ila ana tatizo dogo la macho. Tangu augue surua akiwa na miaka mitatu, hajaona jua, hajaona mlima, hajaniona mimi babake. Husoma kwa vidole, zile nukta za kwenye karatasi ngumu alizofundishwa na Mwalimu Moffat. Mtihani wa taifa ni Novemba. Asipopata alama nzuri hakuna shule ya upili itakayomchukua, naye atabaki hapa kibandani kunishikia vitambaa nikikata. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Mtoto ni mkaidi. Katika mtihani wa majaribio uliotoka ofisini kwako mwezi jana, swali la kumi na nne liliamuru waziwazi: "Tazama ramani." Watoto thelathini na tisa walitazama. Warigia hakutazama. Swali la ishirini likamtaka atazame picha ya mdudu, akakataa. Pembetatu nayo akaikataa. Nimemlea kwa heshima, Bwana Afisa, halafu anaidharau karatasi yenye mhuri! Sijui tabia hii ameitoa wapi. Kwa upande wa mamake hawako hivyo.

2. Kompyuta. Wageni wa kanisa kutoka ng'ambo walituletea shuleni kompyuta inayosoma kwa sauti. Unatia diski, inaongea. Inaongea kama mzungu mwenye mafua, lakini inaongea. Tuliipokea kwa heshima zote. Mchungaji aliiombea, akina mama wakaifumia kitambaa cheupe chenye maua, na Mwalimu Mkuu, Bwana Ngatia, akaifungia ofisini mwake. Plastiki ya kiwandani haijatolewa mpaka leo. Wageni wakija kitambaa kinafunuliwa, wanasema "aaa!", wanatia sahihi kitabuni, wanapewa chai. Nilipouliza Warigia ataigusa lini, niliambiwa, "Mzee, hii kitu haifunguliwi ovyo ovyo. Iko na utaratibu yake." Nikasema sawa. Ni kweli kabisa kwamba kifaa cha wasioona kinafaa kutazamwa na wanaoona, maana wao ndio wenye nafasi. Kile kitambaa kimefuliwa mara mbili.

3. Mwalimu Moffat. Huyu ndiye aliyepewa kazi ya kumsomea Warigia maswali. Ili wenzake wasisikie na kufaidika, waliwekwa nyuma ya jikoni, mpishi akipasua kuni. Kati ya shoka na shoka, mtoto alisikia nusu ya Kiswahili na robo ya Sayansi. Kisha wakafika kwenye grafu. Maagizo yenu yanasema msomaji asome yaliyoandikwa tu, asieleze chochote. Grafu ile haikuwa imeandikwa neno. Mwalimu Moffat ni mtu mwaminifu, hula kiapo na kukitunza. Alinyamaza grafu nzima. Warigia anasema alinyamaza vizuri, hakuruka hata mstari mmoja.

4. Matokeo yalirudi yameandikwa kwa kalamu nyekundu: "Amepuuza maswali ya picha. Aongeze bidii." Tumeongeza. Mamake amempikia karoti debe zima. Jirani yetu Mama Kingori alileta zingine za shambani kwake. Mtoto amekuwa wa manjano viganjani, na ramani bado haioni. Naomba ofisi itujulishe ni karoti ngapi zinazotakiwa kisheria.

5. Kwa hayo yote naomba kibali chenye mhuri kinachomruhusu Warigia kuona kwa siku tatu za Novemba, saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Hatutaki zaidi. Jioni macho tutayarudisha ofisini yakiwa safi, na mwalimu atie sahihi. Kama vibali vimekwisha, basi watahiniwa wote wa tarafa wafungwe macho ili pasiwe na upendeleo. Mimi ni fundi, nitashona vifunga macho kwa masalio ya mashati, bure. Na kama hilo nalo ni gumu, basi njoo wewe mwenyewe, Bwana Afisa, ukae nyuma ya jikoni yetu, Mwalimu Moffat akunyamazie grafu, halafu useme jibu ni A au B.

Nisamehe. Hapo nimekasirika kwelikweli. Huyu mtoto ana akili, na inaniuma kumwona akiitwa mzembe.

Wasalimie makarani wako wote, yule mama wa taipureta, na askari wa langoni aliyenirudisha mara ya kwanza kwa sababu sikuwa na tai. Sisi huku ni wazima, isipokuwa wa manjano.

Ni mimi mzazi mtiifu kuliko binti yake,
Mutahi wa Gicheru

N.B. Nilipomaliza nilimsomea Warigia barua hii, nikitaka acheke. Alicheka kwenye karoti. Halafu akauliza, "Baba, na ile fomu?"

Bwana Afisa, fomu ipo. Bwana Ngatia aliniletea mwenyewe hapa kibandani mwezi wa pili. Mzazi akiijaza, mtihani unakuja kwa nukta, ramani zikiwa za kupapaswa, na nakala nyingine kwa diski, na ile kompyuta inafunguliwa mtoto ajizoeze. Imekaa miezi mitano ndani ya koti langu la kanisani. Kuna mahali panaposema "Aina ya ulemavu", na mimi ni mzee wa kanisa ambaye kwa miaka kumi na mmoja nimewaambia watu kwamba macho yanamsumbua kidogo tu. Hata katika barua hii, tafuta, neno lenyewe sikuliandika.

Warigia alijua tangu Februari. Mwalimu Moffat alimwambia. Hakunisema kwa mamake wala kwa mtu yeyote, alikuwa ananingoja.

Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa hii. Nimeijaza leo, nimeandika KIPOFU kwa herufi kubwa, na mkono wangu haukukatika. Barua yangu itupe. Fomu ameileta mwenyewe, ndiye huyo amesimama mbele yako. Tafadhali usiitikie kwa kichwa tu. Mwambie kwa sauti kwamba umeipokea.