Jenerali, Mlinzi wa Dolores

Jumatatu, 11 Machi

Dolores amefika! Miaka tisa nimengoja. Kila mwaka chama chetu cha wafuga matumbawe hapa Toledo humkabidhi mwanachama mmoja yule chaza wa chama, na mwaka huu ni mimi. Mpana kama sinia, midomo ya buluu. Aliyemleta ni Gordon Petrak, daktari wa meno mstaafu, aliyekuwa naye mwaka jana. Ndoo yenye Dolores ilikaa kiti cha mbele cha gari, imefungwa mkanda. Alikagua kila kona ya tangi langu la maji ya bahari, kisha akasema, kwa sauti ya kumwambia mtu jino halifai, kwamba kwake Dolores aliongezeka inchi nzima. Jumapili wanachama wote wanakuja kumtazama. Akifa mikononi mwangu, jina langu linafutwa kwenye orodha ya chama. Hafi. Kwangu ataongezeka inchi mbili.

Jumanne, 12 Machi

Balaa. Konokono! Wadogo, weusi, kama arobaini hivi, wametapakaa kwenye kioo na mawe. Sikuwanunua mimi. Mimi nina konokono mmoja tu, Jenerali: mkubwa kama yai, gamba la mistari, mrija mrefu mbele anaoupeperusha huku na huku kama mtu anayenusa supu ya jirani. Aliyeniuzia alisema ni msafishaji. Sijamwona akisafisha chochote, lakini wakubwa ndivyo walivyo.

Asubuhi nimekuta magamba mawili madogo, matupu, miguuni pa Dolores. Kuna muuaji mle ndani. Na hawa arobaini wametoka wapi kama si kwenye ndoo ya Petrak?

Jumatano, 13 Machi

Nimempigia Petrak. Nikajifanya namuulizia rafiki yangu. Akaeleza kwa kirefu, maana hajui kufupisha: wala nyama wengi wana mrija mbele, na ukingo wa gamba una kijimfereji mrija unapopita. Wala mwani kwa kawaida hawana. "Mwambie rafiki yako amgeuze, amtazame chini," alisema. "Na chaza wa rafiki yako hajambo, Lyle?" Nikasema rafiki yangu hana chaza.

Nimewageuza wadogo kumi na mmoja kwa koleo. Hakuna mrija. Hakuna mfereji. Wameficha! Jenerali sikumgeuza. Wake uko nje, kila mtu anauona. Hana la kuficha.

Alhamisi, 14 Machi

Mtego. Nimefunga kipande cha samaki kwenye uzi, nikakishusha katikati ya tangi. Atakayekuja ndiye muuaji. Jenerali alifika dakika ya pili, mbio kabisa kwa kipimo cha konokono, akakilalia. Kuwahi namna ile eneo la tukio! Wale wadogo hawakugeuka hata mmoja. Waliendelea kulamba kioo kwa adabu, kama watoto waliovunja kitu. Ni wazi wameng'amua mtego.

Mke wangu, Verna, alishuka na kapu la nguo. Akauliza samaki wa chakula cha jioni yuko wapi. Akamwona. "Mpenzi," akasema, "aliyekuja kula si huyo mkubwa?" Nikamweleza tofauti ya kula na kukusanya ushahidi. Akapanda ngazi na kapu lake.

Ijumaa, 15 Machi

Mpango mzuri kuliko yote. Nimewakamata wadogo wote, nikawatia kwenye chupa ya jamu, nikafunga utepe mwekundu. Nimepata thelathini na mmoja tu. Tisa wametoroka, sijui kwa mlango gani. Nimewapeleka kwa Petrak: zawadi ya shukrani, wasafishaji bora. Wakamalize chaza wake wawili na majivuno yake.

Akainua chupa dirishani, akaigeuza polepole. Uso ukamlegea. "Hawa umewatoa wapi, ndugu yangu? Walinipotea, nawatafuta tangu Krismasi." Mnafiki mkubwa! Kisha akanikumbatia. Nimerudi kwenye theluji nikipiga mluzi.

Jumamosi, 16 Machi

Kioo kimeanza kuota ukijani. Jambo dogo. Ila Dolores amefunga nusu. Nadhani anaogopa wageni. Nimempandisha Jenerali juu yake amlinde, naye akamkumbatia papo hapo! Nikamwita Verna ashuhudie. Akatazama, akasema ule si mkumbatio. Hajui mambo ya bahari, kwao ni Nebraska, mbali na pwani.

Nakiri hapa tu: naogopa. Miaka tisa. Nikimpoteza sijui nitatazamana nao vipi.

Jumapili, 17 Machi

Walikuja kumi na sita. Verna aliandaa mayai ya kuchemsha yaliyojazwa viungo. Petrak hakusalimia mtu. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha mpaka begani, akambandua Jenerali. Kitu kirefu, chembamba, kikachomoka ndani ya Dolores, kikining'inia mdomoni mwa Jenerali. Mtu mmoja akaendelea kutafuna yai.

Petrak hakufoka, na hapo ndipo nilipoumia. "Lyle," aliniuliza taratibu, "yule rafiki yako, huyu hakumgeuza?"

Dolores ameondoka kwa ndoo ile ile, kiti kile kile, mkanda ule ule. Huenda atapona, huenda hatapona. Mwenyekiti hakungoja kujua, jina langu amelifuta.

Jumatatu, 18 Machi

Petrak amempigia Verna, si mimi. Dolores amefunguka asubuhi hii, midomo yote ya buluu nje, na kioo cha Petrak kinang'aa kuliko siku zote. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo. Kisha nikatafakari. Nani alipeleka wale thelathini na mmoja? Mimi. Kwa hiyo aliyemwokoa Dolores ni mimi! Nimeshamwandikia mwenyekiti nirudishwe kwenye orodha.

Petrak anataka nimtupe Jenerali. Katu. Ni dhahiri alikuwa anamchomoa Dolores kitu kilichomkwama. Ila amenyong'onyea, peke yake katika maji ya kijani, kwa hiyo nimemwagizia mwenzake kutoka mbali. Gamba umbo la koni, michoro mizuri kama kitenge. Muuzaji ameandika kwa herufi kubwa asishikwe kwa mkono, akachora na fuvu la kichwa. Maskini, atakuwa na haya. Anafika Alhamisi. Nitampokea kwa kiganja kitupu, ajue yuko nyumbani.