Koti la Fundi wa Radi

Kibwana hakuwa na kazi, hakuwa na mwavuli, hakuwa na nauli ya kurudi Tanga, wala hakujua umeme unaingiaje ndani ya nyumba. Alichokuwa nacho ni koti la marehemu baba yake. Ndani ya koti lile alikuwa mhandisi. Nje yake alikuwa Kibwana tu.

Soko huria lilikuwa limeshapanda mlima hadi Lushoto, na kompyuta nyuma yake. Siku hiyo ngurumo zilitokea upande wa msitu wa Magamba, Kibwana akajibanza barazani kwa Mwalimu Jenoveva, mstaafu aliyewapigia watu chapa barua za maombi. Akachungulia dirishani: kila king'aacho kimefunikwa kitenge kwa kuogopa radi, kioo cha kujitazamia na kompyuta pia. Akapiga hodi.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni fundi wa kinga ya radi."

"Marahaba, baba. Umekuja wakati wake! Kompyuta yangu ya kwanza iliuawa na radi mwaka juzi."

"Kitenge hakisaidii, mama. Radi inapita kwenye waya. Dawa ya mashine ni kuchanjwa tu, kule Tanga, siku mbili."

"Ichanjwe?"

"Kama mtoto. Bure! Nipe nauli tu. Ila isifunuliwe mpaka ifike. Ikiuona mwanga wa radi kabla ya chanjo, ndiyo buriani."

Mwalimu, aliyesahihisha majibu ya uongo kwa miaka thelathini, aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Nauli nitatoa. Nawe niachie dhamana. Koti hilo."

Kibwana akapiga hesabu: kompyuta moja, makoti mia. Akavua.

Mwalimu akaingia chumbani, akatoka na mzigo ndani ya kitenge, umekazwa kwa kamba ya katani, mafundo saba.

"Sijafunua, fundi, kama ulivyoagiza."

Kule Tanga Kibwana aliupeleka mzigo kuuza kwa Sefania, fundi wa kweli. Sefania alikata kamba, akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Ndugu yangu, hii ni maiti! Imeunguzwa na radi zamani. Hukufunua kabla ya kuibeba?"

Kibwana akatoka mikono mitupu. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na mpita njia akamwita, "Wewe! Njoo unibebee gunia."

Jioni ile aliandika: "Mwalimu, shikamoo. Nasikitika kuona mtu mzima, tena mwalimu, anamdanganya aliyemwamini. Uaminifu umekwisha nchi hii. Naomba koti langu." Akaifunga bahasha kwa ugali, akamkabidhi konda wa basi la Lushoto.

"Na isifunguliwe," akaagiza kwa ukali, "mpaka ifike."