Rudisheni Taa ya Bweni la Thrane

Makao ya Wazee ya Cedar Bend,
Elk Prairie.
Jumatatu, baada ya kahawa.

Kwa Mheshimiwa Dk. Tamsin Burkholder,
Makamu Mkuu wa Chuo, Mambo ya Wanafunzi,
Chuo Kikuu cha Jimbo, Elk Prairie.

Mheshimiwa Daktari,

Nina miaka themanini na tisa. Nimeishi muda mrefu kuliko Walezi wa Wasichana wawili, Walezi wa Wavulana watatu, Washauri wa Wanafunzi ambao sikuwahesabu maana walikuwa wakibadilishwa kama soksi, boila moja la makaa ya mawe, mke mmoja mwema, na nyonga yangu ya kushoto, ambayo sasa ni ya chuma. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ujue kwamba anayekuandikia si mtoto.

Shule niliishia darasa la nane, na hilo la nane mwalimu alinipitisha kwa sababu mimi peke yangu nilijua kuwasha jiko la darasani. Kwa hiyo ukikuta kosa, lisahihishe kimyakimya. Maneno makubwa nimesaidiwa na jirani yangu Bi. Verna Tveit, ambaye anakaa upande wa wanawake, na ambaye kila jioni tunacheza naye karata chumbani kwake mpaka usingizi utukute. Huyu nitamrudia.

Nimesoma katika gazeti la chuo kwamba ofisi yako inatimiza miaka mia moja, na kwamba kwa furaha hiyo mtabomoa baraza ya Bweni la Thrane. Mmeandika pia kwamba taa ya barazani "itatafutiwa makao mapya", na kamati itakaa Alhamisi kuamua iende wapi. Mheshimiwa, taa ile ni yangu. Si yangu kwa hati, ni yangu kwa kidole. Kidole changu cha shahada ndicho kilichoiwasha na kuizima tangu mwaka 1955, nilipoajiriwa bawabu wa bweni hilo, mpaka wasichana waliponinyang'anya kazi. Naomba taa ibaki pale ilipo, na kanuni zake zirudi pamoja nayo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Historia yenu ina tundu, na tundu lenyewe ni mimi. Gazeti linasema ofisi ilijengwa juu ya "falsafa ya malezi". Falsafa gani? Kulikuwa na swichi. Bi. Cordelia Thrane, Mlezi wa Wasichana, aliyekuwa mwembamba kama ufagio na mkali kuliko ufagio, alitaka kila msichana awe ndani saa nne na nusu usiku. Dakika kumi kabla, alinijia nyuma ya mlango na kusema, "Arvid, waonye." Basi mimi naikonyeza taa mara tatu. Wewe hukuwepo, kwa hiyo nitakueleza: barazani pale wavulana na wasichana walikuwa wamegandana kama ulimi wa mtoto aliyelamba nguzo ya chuma mwezi wa Januari, barafu ikaunasa. Taa ikikonyeza mara ya kwanza, wanajifanya hawakuona. Ya pili, wanaanza kuagana. Ya tatu, wanabanduka. Halafu nafunga mlango. Malezi yalikuwa hayo, na hakuna profesa aliyewahi kunifundisha.

Jumapili mvulana aliruhusiwa kumtembelea msichana sebuleni, mlango ukiwa wazi, na kwa wawili hao miguu mitatu kati ya minne iwe sakafuni muda wote. Sijui nani aliyepiga hesabu ile, ila alikuwa mtu aliyeona mengi.

2. Mimi ndiye niliyeozesha nusu ya jimbo hili na sijawahi kushukuriwa. Fikiri mwenyewe. Mvulana wa shambani, aliyekua na ng'ombe wa maziwa, hajui kusema. Anaweza kukaa na msichana mwaka mzima akimweleza habari za trekta. Lakini ukimkonyezea taa, akajua zimebaki dakika kumi na mlango ufungwe, neno linamtoka. Nimewasikia kwa masikio yangu nyuma ya mlango. "Gladys, basi... unaonaje?" "Naona nini, Lloyd?" "Si hivyo tu... mimi na wewe." "Sema upesi, Arvid anafunga!" Akasema. Walipata wajukuu kumi na mmoja. Siku hizi mlango uko wazi usiku kucha, na vijana wanaambiana wataongea kesho. Kesho yenyewe haifiki. Mjukuu wa dada yangu anamchumbia binti mmoja tangu mafuriko yale makubwa, na bado "wanaangalia".

3. Chuo kimebadilika undugu. Zamani chuo kilikuwa baba: kinafoka, kinafunga mlango. Baadaye, mlipowaunganisha Mlezi wa Wasichana na Mlezi wa Wavulana mkamfanya mtu mmoja asiye huku wala kule, kikawa mjomba: kinashauri, hakisikilizwi. Sasa kimekuwa bibi mwenye peremende mfukoni. Nimeambiwa wakati wa mitihani mnaleta mbwa ili wanafunzi wampapase watulize roho. Mbwa! Bi. Thrane naye alikuwa na mbwa. Alikuwa wa kufukuza wavulana kwenye vichaka, na mitihani walifaulu.

5. Namba nne Bi. Verna ameifuta. Amesema namtukana mtu aliye hai. Tuendelee.

6. Mnausifu mgomo wa mwaka 1968 kama vile ulikuwa ushindi, na mmemwekea picha yule aliyeuongoza. Mimi nilikuwepo, nami nakwambia ulikuwa utovu wa adabu. Wasichana themanini walikaa kwenye baraza ile, kila mmoja na mto wake, wakakataa kuingia ndani. Bi. Thrane akasema, "Arvid, waonye." Nikakonyeza mara tatu. Wakapiga makofi. Nikakonyeza tena. Wakaanza kucheza! "Washa, Arvid! Zima, Arvid! Ongeza kasi!" Nikakonyeza mpaka balbu ikapasuka. Kiongozi wao akanigeukia mbele ya watu wote akasema, "Babu wewe, nenda kalale. Sisi leo tunalala tunapotaka." Babu! Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Kiongozi huyo alikuwa Verna Tveit, huyu huyu jirani yangu. Nimemsamehe, maana amefiwa, amezeeka, na keki yake ya mbibo... (hapa amenisahihisha: ya rubabu, ile mimea ya bustanini yenye mashina machachu) haina mfano mjini. Lakini kosa ni kosa. Baada ya wiki tatu chuo kilifuta saa ya kufunga, Bi. Thrane akastaafishwa na kupewa kiti cha kubembea, na mimi nikapelekwa kusukuma theluji.

7. Matokeo umeyaona. Bila taa hakuna haraka. Bila haraka hakuna ndoa. Bila ndoa hakuna watoto, na ndiyo maana shule tatu za wilaya hii zimefungwa na timu ya mpira ya chuo haina mabeki wenye mabega. Watoto wakiisha, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataisha. Wanafunzi wakiisha, mambo ya wanafunzi yatakuwa mambo ya nani? Utakaa ofisini, Mheshimiwa, wewe na mbwa. Kwa hiyo taa ile ndiyo iliyokupa kiti, na unapoing'oa unakata tawi ulilokalia.

Naomba basi kwa heshima zote: taa ibaki, saa ya kufunga irudi (nitakubali saa tano, mimi si katili), kanuni ya miguu mitatu isomwe kwa sauti kila Septemba, nami nirudishwe kwenye swichi, nikiwa na kiti chenye mto kwa ajili ya nyonga. Kidole bado kizima.

Na kama kamati itakataa, basi taa iletwe hapa Cedar Bend. Mkurugenzi wetu, Bi. Janelle Pfeiffer, ni mtu wa utaratibu. Atajua pa kuitundika.

Msalimie mumeo, wasalimie wanakamati wote hata wale wasiokubaliana nami, mpe salamu mtu anayewasha boila la chuo siku hizi, popote alipo, na huyo mbwa pia, maana yeye hakuomba kazi hiyo.

Ni mimi mwenye taa,
Arvid Skogstad

N.B. Jumanne, kabla ya chakula cha jioni. Mheshimiwa, tafadhali chana yote niliyoandika hapo juu.

Jana nilimpa Bi. Pfeiffer barua hii aitafutie bahasha. Akaisoma. Nilimwomba bahasha, sikumwomba asome. Leo asubuhi ameirudisha, uso unang'aa kama sahani. "Mzee Arvid, umenifungua macho! Nimekuwa nikitafuta njia ya kumaliza hizi karata zenu za usiku." Kumbe amekwisha kuipigia simu ofisi yako akiiomba taa. Ataitundika kwenye mlango unaotenganisha upande wa wanaume na upande wa wanawake. Saa mbili usiku kasoro dakika kumi itakonyeza mara tatu, na saa mbili kamili kila mtu kwao. Mchana kutembeleana ni ruksa, mlango wazi, miguu mitatu sakafuni. Nikamuuliza, mkongojo wangu unahesabiwa mguu au hauhesabiwi? Akasema atauliza makao makuu.

Saa mbili! Mheshimiwa, mimi ni mtu mzima! Nimezika mke, nimelea watoto, nimefunga milango ya watu wengine miaka kumi na mitatu, leo nifungiwe mimi? Kanuni gani hizo za kishenzi? Najua utasema mkuki kwa nguruwe. Sema, nitanyamaza. Lakini Alhamisi waambie kamati taa isije hapa. Iwekeni kwenye kabati la kioo, itupeni mtoni, ila kwanza ikateni waya. Na ile picha ya mgomo ikuzwe, iwe kubwa kama mlango.

Kama mbwa ana nafasi wiki hii, tutamshukuru.

Mashahidi wangu: Gladys na Lloyd wamelala makaburini kwa Walutheri, lakini wajukuu zao wapo. Shahidi mkuu ni Verna Tveit. Amekaa sakafuni mwa korido tangu mchana, juu ya mto wake, pamoja na wanawake wengine sita, na hawezi kuinuka. Yeye anasema ni msimamo, mimi najua ni magoti. Bi. Pfeiffer ameshaanza kuchezea swichi ya korido. Nami nimeinuka kwa heshima ili nirudi upande wangu, Verna akanishika mkongojo akasema, "Babu wewe, leo usiende kulala."

Nimekaa.