RAM ya Bei ya Kutupa

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta ya mke wangu imekata roho. Wakati gani huu! Anahariri video za harusi, na hii ya sasa ni ya binti wa mwenye ukumbi. Akiikabidhi Jumamosi, kazi zote za ukumbi ni zake. Akichelewa, anapewa mwingine. Nikajipiga kifua: nitamuundia mpya mwenyewe! Bodi, kasha na vikorokoro vingine vimeshanunuliwa. Imebaki RAM tu, kile kijipande cha kumbukumbu kinachoipa kompyuta kasi. Kaka yake, shemeji yangu wa benki, mjuaji wa kila kitu, kasema ninunue mbili za kufanana, giga nane kila moja, na kwanza nisome bodi inakubali aina gani. Nisome! Mimi! Mke wangu akanikabidhi akiba yake. Nikamwambia atulie, chenji itamshangaza.

Jumanne, 4 Machi
Nimeipata! Kipande kimoja, giga kumi na sita, nusu ya bei. Muuzaji yuko ghorofani, nyuma ya fundi viatu. Nikamuuliza mbona rahisi hivyo. Akasema ni ya toleo lililopita, watu hawajui thamani yake. Mimi najua. Ukutani kabandika karatasi: kikishatoka hakirudi. Nikacheka sana. Nani arudishe bahati?

Jumatano, 5 Machi
Haiingii. Pengo lake la chini na kijino cha kwenye bodi vimepishana kwa upana wa punje ya mchele. Mwingine angekata tamaa. Mimi nikachukua tupa ya kucha ya mke wangu, nikaanza kulipanua pengo taratibu. Shemeji akapita kutusalimu, akauliza nafanya nini. Nikasema naisafisha. Akanitazama kama anavyotazama hundi yenye sahihi mbovu. Alipoondoka nikaisukuma kwa nguvu, ikaingia. Nikawasha. Pii, pii, pii, kisha harufu ya plastiki inayoungua. Mungu wangu! Nikachomoa waya mbiombio. Tundu moja la RAM kwenye bodi limekufa, mengine yamenusurika. Mke wangu akauliza harufu hiyo ni ya nini. Nikamwambia majirani.

Alhamisi, 6 Machi
Muuzaji kanisomea karatasi yake kwa sauti, fundi viatu akisikiliza. Nikabembeleza, nikaapa, nikamwita kaka ingawa ni mdogo kwangu. Mwishowe akakubali nimpe akiba yote iliyobaki, achukue na kile kipande changu kilichochongwa, nami nichague kimoja kinachoendana na bodi. Kulikuwa na RAM nyeusi ya giga nane, haina mvuto wowote. Na nyingine ya giga nne, inawaka taa! Nyekundu, kijani, bluu! Nane za gizani au nne zenye nuru? Hilo nalo la kuuliza?

Kompyuta imewaka, sebule imekuwa disko. Mke wangu akafungua video. Bibi harusi akanyanyua mguu aingie ukumbini. Tumekula, tumeosha vyombo, mguu bado uko hewani.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Amekaa mbele ya kioo cha kompyuta, machozi yanamtoka, anasema kwa sauti ndogo kwamba kazi hii ameisubiri tangu alipoanza. Nimeona aibu, aibu hasa.

Ndipo wazo likanijia. Shemeji ana kompyuta yenye bodi ya aina hii hii! Jioni nikajialika kwake. Sijakaa vizuri, akasema anakwenda kuoga. Bahati iliyoje! Kasha lake, ajabu, halikuwa na skrubu hata moja. Nikachomoa RAM zote mbili, nikazitia kwenye soksi, nikamuaga nikiwa nje ya mlango wa bafu. Akaniambia niende salama. Bwege yule! Nyumbani zimeingia bila kusukumwa. Bibi harusi ameshafika kwenye keki. Mke wangu anafanya kazi huku akiimba. Nimemwambia nimezipata mnadani.

Jumamosi, 8 Machi
Kazi imekabidhiwa kwa wakati! Mwenye ukumbi katokwa machozi kumwona binti yake, na harusi zote za ukumbi sasa ni za mke wangu. Nikaanza kupokea pongezi. Mara shemeji akaingia, akauliza RAM zake zinaendeleaje. Kumbe mke wangu alimpigia simu jana! Kaka mtu alitaka kuzileta mwenyewe, mke wangu akamwambia hapana, mume wangu atavunjika moyo, namjua, atakuja tu kwako, mwache azichukue kwa ujanja wake. Shemeji akafungua skrubu zote, akajifungia bafuni, akakaa humo mkavu akisubiri niondoke. Wamecheka mpaka wakashikilia mbavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mke wangu akanishika mkono chini ya meza. Hapo nusura nilie.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaomba radhi wote wawili, kwa dhati. Nimekoma. RAM mpya watakwenda kununua wao, shemeji arudishiwe zake, mimi nisiguse kitu. Sawa kabisa, nimewaambia.

Lakini video zote hizo zitawekwa wapi? Mbona diski hawajaitaja? Nimepita ghorofani mara moja, kuangalia tu. Muuzaji anayo moja, kubwa ajabu, bei ya kutupa. Inagongagonga kidogo ikiwaka, ila anasema ndivyo zinavyopumua. Nimemwambia asimuuzie mtu mwingine.