Kuku Aliyeatamia Ndimu

Jumatatu, 9 Juni

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Ninaogopa kuku. Si jogoo mkali peke yake. Kuku wote. Mamba nimemwona kwenye mkondo mara mbili na sikukimbia. Lakini kuku akinitazama kwa jicho la upande mmoja, natafuta mlango. Mama ni muuguzi wa zahanati hapa Mbwera, tumetoka bara, na nyumbani hatufugi chochote. Ndiyo maana siri imedumu.

Leo imekuwa hatarini. Jirani yetu Bibi Mwanamina na mjukuu wake Subira wamevuka kwenda dungu, kile kibanda chao cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, kuamia ndege wasiumalize kabla ya mavuno. Kabla ya kuondoka Subira alinifuata uani. Tunasoma kidato kimoja na hajawahi kuniomba hata rula. Alisema kuku wao, Zabibu, anaatamia jikoni, hawezi kuhamishwa, na kama ningeweza... Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Ningesema ndiyo hata kwa mamba.

Kisha akanieleza. Zabibu ni kuchi, wale kuku warefu wa shingo ndefu, mbegu aliyoiacha marehemu mama yake Subira. Wengine wote wamekwisha, na jogoo alibebwa na kenge mwezi uliopita. Mayai aliyoyalalia Zabibu ni ya mwisho ya jogoo yule. Yakiharibika, mbegu ya mama yake imekatika. Alisema taratibu, huku akitazama kandambili zangu.

Bibi Mwanamina akaongeza kwamba ndani ya kiota kuna msumari, nisiuguse, ndio unaokinga mayai na radi. Nikasema sawa Bibi. Moyoni nilicheka kidogo. Fizikia haisemi hivyo.

Jumanne, 10 Juni

Kazi yangu ni maji na pumba, asubuhi na jioni. Rahisi kwa mtu mwingine.

Niliingia jikoni kwao. Zabibu alijivimbisha akawa kuku wawili, akatoa sauti ya mafuta yanayokaangwa. Nikatoka. Nilifunga upawa kwenye ncha ya upondo wa mtumbwi, nikajaza pumba, nikamlisha nikiwa nimesimama nje.

Haruna akapita. Haruna ni mwanafunzi mwenzangu, baba yake ana mtumbwi, na maji ya bahari yakijaa mkondoni yeye ndiye anayewapelekea Bibi na Subira maji ya kunywa kule dungu. Aliutazama upondo ulioingia mlangoni, akauliza kama ninavua kuku. Nilisema ninachunguza. Akasema haya Dokta, akishika chambo nimwite. Ananiita Dokta tangu tulipohamia, kwa sababu ya Mama. Kila akisema, kuna mtu anacheka. Leo alicheka mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata mpango.

Mayai hayahitaji kuku. Yanahitaji joto, unyevu na kugeuzwa. Kitabu changu cha baiolojia kinasema wazi. Kuku ni chombo tu, tena chombo kinachodonoa. Na nyumbani tuna boksi kuukuu la kubebea chanjo, lililovunjika bawaba, ambalo Mama huwekea vitunguu.

Nilivaa glovu za Mama, koti lake la mvua na ndoo kichwani. Nikamfunika Zabibu kwa tenga, nikapitisha mkono chini. Alinidonoa kupitia matundu ya tenga, kwa bidii. Niliyatoa mayai moja moja, yana joto, mazito kuliko nilivyodhani. Ili asihuzunike nikamwekea ndimu mahali pa mayai. Alizitazama. Akazipanga kwa mdomo. Akazikalia.

Nilihisi vibaya kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba sitalazimika kuingia tena pale bila upondo, nikahisi vizuri.

Msumari niliutoa pia, nikautia mfukoni. Usafi wa utafiti.

Alhamisi, 12 Juni

Taa ya sola haitoi joto. Niligundua kwa kuchelewa. Asubuhi nzima mayai yalikuwa na mwanga mzuri wa kusomea na baridi ya mtungi.

Sasa natumia chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa khanga. Napima kwa kipimajoto cha homa cha Mama, kile cha kwapani. Kikionyesha joto la mtu mzima asiyeumwa, napumua. Saa nne yalikuwa na homa kali. Saa saba yalikuwa maiti.

Haruna aliingia jikoni kwa Bibi kuchukua dumu, Zabibu akasimama kujinyoosha, ndimu zikaonekana. Kicheko kilisikika hadi gatini. Aliuliza Zabibu anatarajia kutotoa nini, achari? Kisha akaniambia niyarudishe mayai leo hii, maana mama yao yupo pale pale na anayataka.

Nilijua ni kweli. Lakini aliyesema ni Haruna, na macho yake bado yalikuwa na machozi ya kunicheka. Nikamwambia kuna hatua ambazo mtu wa nje hawezi kuzielewa. Akasema basi hatua hizo atamsimulia Subira maji yakijaa. Mwishowe tumepatana. Nitamfanyia kazi yake yote ya likizo, hesabu na jiografia, naye atanyamaza.

Jumamosi, 14 Juni

Mama ameuliza mkaa unakwenda wapi. Ameuliza pia kwa nini khanga zake zina uvuguvugu, na kwa nini kipimajoto kinanuka banda la kuku. Nilisema ni mradi wa sayansi. Alifurahi. Aliniambia baba yangu angekuwepo angefurahi. Hapo ndipo nilipoacha ugali.

Jioni Zabibu alitoka kunywa maji, nami nikathubutu kuingia na kugusa ndimu moja. Ilikuwa na joto sawasawa, ile hasa ninayoitafuta siku zote kwa chupa na khanga. Anazigeuza pia. Amekonda. Ningeweza kuyaleta mayai saa ile ile, yeye akiwa mtungini. Nilisimama na ndimu mkononi. Alipogeuka kurudi, nilikimbia.

Jumatano, 18 Juni

Sauti ndani ya boksi!

Yai moja lina tobo dogo, na ndani ya tobo kuna mdomo. Nilimwambia karibu. Niliongea naye kwa urahisi kuliko ninavyoongea na binadamu. Kisha akatulia. Nilingoja. Nilifungua mfuniko, nikafunga, nikafungua. Ametulia tu, anapumua kwa shida, au mimi niliona ni shida. Nikafikiri, mtoto wa muuguzi atakaa tu akitazama mtu amekwama mlangoni?

Nikambandua ganda kwa kucha. Lilikuja vizuri mwanzoni. Kisha utando ukatoa damu, uzi mwembamba, mwekundu sana. Nikasema nimeshaanza, nimalize. Alitoka akiwa na kiini cha yai kikining'inia tumboni, hakijaingia. Alinitazama, nadhani. Alikuwa mwepesi kiganjani kama karatasi iliyoloana. Hakufika jioni.

Nimemzika nyuma ya choo. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 19 Juni

Nilitafakari kosa langu nikalipata. Nilichelewa kumsaidia.

Wa pili alipotoboa tu, nikaanza.

Sitaandika zaidi. Wako wawili sasa nyuma ya choo. Mchana radi ilipiga mbali, upande wa bahari, nami nilikuwa nimeinama na jembe la Mama. Nilishtuka kana kwamba nimeitwa jina.

Ijumaa, 20 Juni

Nimesoma kitabu tena. Safari hii nimesoma ukurasa unaofuata. Kifaranga akishatoboa hupumzika, muda mrefu, karibu siku nzima. Wakati ule anavuta kiini tumboni na damu inarudi mwilini. Anayeonekana amekwama hajakwama. Anamalizia. Ukurasa ule ulikuwepo siku zote. Ulikuwa umegandana na mwenzake kwa uji.

Nilimwuliza Mama, kama mtu anayeuliza tu, mkunga anajuaje wakati wa kuingilia. Alikuwa anaanika sare. Alisema wakunga wengi wachanga huharibu kwa mikono myepesi, na kwamba kifaa kikubwa cha mkunga ni kiti.

Nikachukua kiti. Wa tatu alikuwa ametoboa tangu alfajiri. Nilikaa mbele ya boksi, mikono chini ya mapaja, nikamsikiliza akilia. Nilikuwa imara. Nilijivunia. Sauti yake ilipungua, ikawa kama mlango wa mbali, ikakoma. Nilipofungua, utando ulikuwa umemkaukia mwilini kama gundi. Ni ile fungua funga yangu, unyevu wote niliutoa mwenyewe. Kwa hiyo wawili walikufa kwa mikono yangu, na mmoja kwa kiti, lakini hata kiti kilikuwa changu.

Niliyapakata yaliyobaki kwenye upindo wa shati, nikavuka ua. Bila ndoo. Bila glovu. Zabibu alivimba. Nilipiga magoti nikaanza kutoa ndimu na kuingiza mayai, naye akanidonoa mkono wote, kutoka kidole hadi kiwiko. Sikuutoa mkono. Yai la mwisho alinipokonya mwenyewe kwa kidevu, akalivuta chini ya kifua, akanung'unika. Si ile sauti ya kukaanga. Nyingine.

Nililia kidogo pale jikoni. Moshi ungeweza kuwa sababu, lakini hakukuwa na moto.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya misa nilipita kwa Zabibu na pumba. Chini ya bawa kulikuwa na kichwa.

Kifaranga. Hai, mkavu, wa rangi ya mchanga, shingo ndefu kama ya bata. Sikumgusa. Sikumsogelea. Mguu mmoja unateleza pembeni lakini anasimama, anaanguka, anasimama. Zabibu aliposogea kula pumba niliyapima mayai tu: mengine ni viza, baridi ya boksi iliyaua mapema, yanacheza maji ukiyatikisa. Mawili bado mazito.

Haruna alikuja kuchukua hesabu zake. Alimtazama yule kifaranga, hakunicheka. Aliuliza wengine wako wapi. Nikamwonyesha kwa kichwa upande wa choo. Alichukua daftari lake, akasema basi jiografia niiache, ataandika mwenyewe. Ningependa angecheka.

Jumatatu, 23 Juni

Wamekuja maji yalipojaa asubuhi, Bibi na Subira, na Haruna kwenye kasia. Wamekuja kuona vifaranga. Nilimwamkia Bibi, shikamoo, akaniitikia marahaba mjukuu wangu, Mungu akuweke. Ningependelea kofi.

Bibi aliinama kwenye kiota. Akatoa mayai viza moja moja, akayaweka chini. Yai moja zito lilikuwa limetoboka, na ndani mtu analia. La pili lilikuwa limepoa. Akapapasa chini ya majani akaulizia msumari. Nilikuwa na mkono mfukoni, msumari umo, kichwa chake kinanichoma kidole. Nikasema sijui, Bibi. Akasema msumari hauna miguu. Kisha akauliza kama radi ilipiga. Nikasema ilipiga, Alhamisi. Haruna aliangalia dari. Bibi akavuta pumzi, akasema basi ndiyo hiyo, mwizi ameuchukua msumari na radi imechukua mayai, kijana wa watu asilaumiwe.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Niliiona nafasi yenyewe, wazi kama mlango. Nilinyamaza mpaka ikafungwa.

Subira alisogea kiotani. Alipiga magoti, akamshika yule mwenye mguu mbovu, akampulizia manyoya, akamrudisha. Alipotoa mkono ulikuwa na ndimu. Niliisahau moja. Aliinusa. Alinitazama mikono, alama za mdomo wa kuku hadi kwenye kiwiko, kisha akaifunga ndimu kwenye pindo la khanga yake. Alisema mmoja peke yake si mbegu. Wakiwa wawili, labda Mungu akajalia jike na dume. Akalitazama lile yai linalolia. Akaniomba, kwa sauti ile ile ya siku ya kwanza, nisiliguse, mimi wala mtu mwingine, tumwachie Zabibu. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Bibi alituita sote chai kwenye baraza. Kulikuwa na vitumbua. Subira alikaa karibu nami, si karibu sana. Kupitia ukuta wa fito tulimsikia yule wa ndani ya yai, analia, ananyamaza, analia. Kisha akanyamaza muda mrefu. Subira aliacha kutafuna. Niliona vidole vyake vimelishika pindo lenye ndimu.

Nilisema nakwenda kunawa mikono.

Nilinawa, kwa sabuni. Nikaingia jikoni. Zabibu alinidonoa mara moja tu, nadhani tumezoeana. Nililoanisha kidole kwa maji ya uvuguvugu, maana sasa najua habari ya unyevu. Nikatoa kipande kimoja cha ganda, kidogo sana, apate hewa.

Hakukuwa na damu. Nikatoa cha pili.