Siku Niliyopelekwa kwa Bwana wa Maji

Wenzangu, uso wangu leo nimeuacha mjini. Ngojeni nikae kwanza, niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia sokoni, maana sokoni kisa kimeshafika.

Mnajua mume wangu anafanya kazi kwenye gari la moshi, na sasa yuko safarini Kisumu. Alipoondoka aliniachia karatasi ya maji na pesa zake, akanisisitizia kwamba leo ndiyo siku ya mwisho. Ofisi ikifungwa adhuhuri kabla hatujalipa, tunapigwa faini ya kuchelewa, na wakitaka wanakuja kuufunga mfereji. Mfereji wenyewe tumeuingiza uani juzijuzi tu. Mimi hadi leo nikiufungua nasimama kuutazama. Maji yanatoka ukutani, nawe hujapanga foleni wala hujajitwika kitu. Sikuwa tayari kuupoteza.

Basi asubuhi nikapika, nikafua, nikasahau. (Ndiyo, nilisahau. Endeleeni kusikiliza.) Nilipokumbuka, jua lilikuwa limeshapanda. Nikatupia buibui, nikatoka hapa Bondeni mbiombio hadi kwenye maofisi ya serikali, mahali ambapo sijawahi kukanyaga, kwa sababu kazi hiyo ni ya mume wangu. Nikamkuta askari nje. Nikamwambia nataka kulipa kabla sijapigwa faini. Nadhani alichosikia ni faini tu. Akanionyesha mlango mkubwa wa katikati.

Nikaingia. Sijawahi kuona chumba kama kile. Dari iko juu, ukiitazama shingo inauma. Feni inazunguka yenyewe polepole, mabenchi yanang'aa, watu wamejaa na hakuna hata anayekohoa. Nikasema moyoni, kumbe wote hawa wamechelewa kulipa maji kama mimi. Nikajibana mwisho wa benchi. Mara mlango wa ndani ukafunguka, akaingia Mzungu mmoja mzee, mrefu, kavaa nyeusi tupu, na chumba kizima kikasimama. Nami nikasimama. Huyu ndiye Bwana wa Maji mwenyewe. Pale pale nikaelewa kwa nini maji yanakubali kuingia ndani ya bomba na kuja hadi kwetu. Mtu kama yule akikuamuru, unaenda.

Karani akaita, "Halima! Halima yuko?"

Nilishikwa na mshangao. Serikali inanijua kwa jina, na karatasi hata sijaitoa! Nikaitika. Wakanipandisha kwenye kijukwaa chenye uzio wa mbao, peke yangu, mbele ya watu wote. (Niliona ni heshima. Nilitengeneza na buibui vizuri.) Yule mzee akasoma kwa Kiingereza, mkalimani akafuata mbiombio kwa sauti ya puani. Nilidaka maneno mawili tu: "madebe" na "nyumbani kwako".

"Unakubali?" mkalimani akaniuliza.

"Nakubali."

"Ni kweli yalikutwa kwako?"

"Kweli kabisa. Yako uani, karibu na jiko. Ni yangu na mume wangu, lakini yeye yuko safarini, ndiyo maana nimekuja mimi."

Mkalimani akatafsiri. Mzee akaandika, akauliza kama tunayatumia wenyewe au tunauza. Hilo liliniuma kidogo. Nikajibu kwamba mimi siuzi, jirani akikwama namjazia debe bure.

"Na watoto wako nyumbani?"

"Wako, bwana. Nawaogesha nayo asubuhi na jioni."

Chumba kikaanza kunong'ona. Nikadhani wananisifu kwa usafi, basi nikaongeza kwamba hata ustadhi anayewasomesha watoto wangu Kurani hawezi kuanza kusali kabla hajayatumia.

Wenzangu, benchi la nyuma lilianguka. Watu walicheka hadi karani akagonga meza. Mzee akaweka kalamu chini, akavua miwani, akanitazama. Nahisi hajawahi kusikia jambo kama lile tangu aanze kazi.

Hapo mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja mnene kutoka Kabazi, akihema, kashika viatu mkononi. Akasema Halima wa pombe ni yeye, ameshitakiwa yeye, na wamsamehe kwa kuchelewa. Nilisikia neno pombe. Nikashika uzio. Ndipo nikajua niko kortini, na kwamba mbele ya watu wote wa Nakuru nimekiri kuogesha wanangu pombe na kumpa ustadhi atawadhe nayo.

Yule mama alikuwa ameambiwa mlangoni niliyoyasema. Akanitazama juu hadi chini kwa heshima.

"Dada," akaniambia, "mimi napika miaka mingi. Lakini kuoga, hapana."

Niliitoa karatasi ya maji. Mkalimani akaisoma, akashindwa kuitafsiri kwa kucheka. Mzee naye alipoelewa alicheka hadi akafuta machozi. Halafu akatazama saa ukutani, akamwamuru askari anipeleke upesi kwenye dirisha la maji kabla halijafungwa. Nilishukuru sana. Sikufikiria njia.

Njia inapita sokoni. Mimi katikati ya barabara, askari ubavuni, tunakwenda karibu kukimbia. Na nani alikuwa pale akichagua vitunguu? Mama mkwe wangu. Alitupa kapu chini, akatuandama akimwomba askari aniachilie, akiapa kwamba mimi ni mtu wa watu na kama nimeiba basi ni njaa. Kila tulipopita watu waliacha biashara wakaungana naye. Tulifika kwenye dirisha kama msafara wa harusi.

Karani alikuwa anashusha mbao ya dirisha. Alipoona askari na umati ule, aliipandisha tena haraka, akapokea pesa na kugonga mhuri bila kuuliza neno. Faini hakuna. Mfereji uko salama, na mama mkwe amelala kwangu chumbani, presha imempanda.

Sasa niambieni ni nani anayecheka huko nyuma, maana mwezi ujao karatasi ikija, ndiye nitakayemtuma.